Joto la Nyumba Hulala Wapi

Mnanijua kwa kufunga milango. Hata siku ile ya kuniaga, mlipokuwa mnahangaika na spika isiyotaka kuimba, niliinuka mara mbili kwenda kusukuma mlango wa ukumbi, maana upepo wa Newala ukishapata upenyo hauna aibu. Mmoja wenu akasema, "Mama Zuhura, umestaafu, tuachie na sisi mlango." Haya, nimewaachia. Ila kabla kichwa hakijaanza kuvuja nacho, nawaandikia machache ambayo hayamo kwenye miongozo ya idara. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyote vimo kwenye jalada langu, na panya wa masjala wameshavisoma vya kutosha.

Mimi ni mtoto wa Lukuledi, bondeni. Kwetu na pale Masasi mjini shida ya nyumba ni kuzuia joto lisiingie; mchana wa kiangazi ukikaa chini ya bati lisilo na dari unaiva bila kuungwa. Kwa hiyo nilipopangiwa Newala kama fundi sanifu wa majengo, nilipanda mlima na gauni la mikono mifupi na mwavuli wa jua. Kilikuwa kipupwe. Nilishuka kwenye gari asubuhi, ukungu umeshika kila kitu, nikamwona mzee amesimama kando ya barabara kajifunika gunia. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Nikarudia kwa sauti, kwa adabu zaidi, mpaka kijana wa bodaboda akanionea huruma: "Mama, hiyo ni nguzo." Ndivyo nilivyoanza kazi, kwa kuamkia nguzo.

Ofisini nilimkuta Fundi Mchopa. Wengi wenu hamkumkuta, maana alishastaafu na kurudi kwenye mikorosho yake. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kucheka kwa pua, na koti lake la kazi lilinuka rangi ya mafuta. Aliniona natetemeka, akalivua, akanipa bila kuuliza jina langu. Kisha akanipa somo la kwanza kabla hata ya kiti.

"Binti, unalaumu baridi bure. Kazi yetu si kupigana na baridi. Kazi yetu ni kujua joto linatokea wapi."

Sikumwelewa. Nilidhani ni maneno ya kumliwaza mgeni. Kesho yake tukaenda Kitangari, tukaingia nyumba ya mama mmoja asubuhi na mapema, Fundi Mchopa akatoa mfukoni udi wa kawaida wa dukani, ule wa kufukizia chumba, akauwasha. Akawa anatembea taratibu kando ya kuta, udi mkononi, macho yanafuata moshi. Moshi ukisimama wima, anapita. Ukipinda, anasimama, anaweka alama ya chaki. Kwenye uwazi kati ya ukuta na bati ulitoka nje wote, kama watu waliosikia kengele ya kutoka darasani.

Mwenye nyumba alitufuata nyuma, mikono kifuani. Tulipomaliza akauliza, "Na wale wa kisimani mtawatoa lini?" Kumbe alidhani halmashauri imeleta watu wa kufukuza majini. Tulimweleza, akaelewa, lakini habari zilishatangulia. Mwezi ule tuliitwa kwenye nyumba nyingi kuliko mwaka mzima uliotangulia, na nusu ya wenyeji walitaka tufukize hadi uvunguni mwa vitanda. Fundi Mchopa hakukataa. Alisema mtu akishakufungulia mlango kwa sababu ya jini, wewe mzibie tundu la upepo. Wote wawili mtalala vizuri.

Vifaa vyake vingine vilikuwa vya bure. Mgongo wa mkono uliolowa maji hukuambia upepo unapitia wapi kabla shavu halijajua. Chaki mnazo. Na kulikuwa na kipimajoto kimoja cha ofisi, cha kioo, chenye vijiti viwili vidogo vya chuma ndani. Kijiti kimoja husukumwa na baridi na kubaki pale palipofikia baridi kali kuliko zote za usiku. Kingine hivyo hivyo kwa joto. Unakitundika jioni, unarudi nyumbani kwako kulala, asubuhi kinakusomea yaliyotokea. Kitunzeni kile. Kimevumilia wakuu wa idara wengi kuliko mimi.

Namna yake ya kueleza ndiyo niliyoipenda zaidi. Watu wa mlimani huwafundishi maana ya ndoo inayovuja. Maji wanayajua; wameyabeba kichwani kwa vizazi. Basi Fundi Mchopa alikuwa anakaa barazani na kusema, "Mama, nyumba yako ni ndoo. Unaijaza joto mchana kutwa, jua linamimina, watu wanapumua humo, chakula kinaiva pembeni. Asubuhi unaikuta tupu. Tutafute tundu kabla ya kutafuta kuni." Hakuna aliyewahi kuuliza swali la pili.

Lakini ndoo ya Newala ina vituko vyake. Huku bati si la kukinga mvua tu. Bati ndilo linalokusanya maji ya mvua na kuyapeleka kwenye kisima cha uani. Ukimwambia mtu arudie nyasi kwa sababu nyasi hushika joto, umemwambia akanywe vumbi. Kulikuwa na bwana mmoja mjanja aliyesikia mafunzo yetu nusu, akapanda akatandika nyasi juu ya bati lake jipya. Nyumba ikatulia kweli. Mvua za kwanza zikaja, kisima kikajaa maji ya rangi ya chai, na mkewe akawa anamuuliza kila asubuhi kama aongeze sukari. Tangu hapo tukawa tunasema wazi: juu ya bati usiguse, kazi yote iko chini yake. Weka dari. Dari la siling bodi, la mbao, hata la magunia yaliyoshonwa na kujazwa nyasi kavu. Dari hilohilo linamsaidia mtu wa Newala asipoteze joto na mtu wa Masasi asilipokee. Anayebishana na dari sijamwona.

Kisha ikaja kadi. Ililetwa na mradi fulani, imetafsiriwa kutoka nchi za watu, nzuri, ya rangi, kijani juu na nyekundu chini. Kila nyumba ilitakiwa kupewa daraja, kuanzia A mpaka G, kwa jinsi inavyotunza joto. Swali la kwanza lilitaka kujua aina ya mtambo wa kupasha nyumba joto. La pili liliuliza kama paa limekadiriwa uzito wa theluji. Tulizunguka nayo kwa uaminifu. Nyumba zote za Newala zikapata G, pamoja na ya Fundi Mchopa mwenyewe, ambaye hakuongea na kadi hiyo kwa siku kadhaa.

Watu walichukia. "Nimejenga kwa jasho la korosho, unanipa daraja la mwisho kama mtoto mtoro?" Mama mmoja alinifungia jogoo miguu na kuniletea, akasema huyu ni wa kuongeza hata herufi moja. Nilimrudisha jogoo kwa shingo upande, maana alikuwa mnono. Tukaona hii haifai. Mimi na Fundi Mchopa tukaketi kwenye benchi la nyuma ya ofisi na mkaa wa kuandikia, tukaibomoa ile kadi na kuijenga upya. Tuliuliza mambo ya huku: upepo wa bondeni unagonga upande gani, kuna uwazi kiasi gani chini ya bati, kuna dari, sakafu ina nini juu yake, mlango unakaa sawasawa au una mwanya wa kupita panya. Daraja likawa na maana moja tu ambayo hata bibi wa miaka mingi anaielewa: ukilala bila kuwasha chochote, alfajiri joto lililobaki ni kiasi gani. Halipimi uzuri wa nyumba wala fedha ya mwenye nyumba. Hilo la mwisho ndilo lililotusumbua kuliko yote, na ndilo linaloniingiza kwenye kisa cha Chilangala.

Fundi Mchopa alikuwa ameshaondoka, udi na kipimajoto vimebaki kwangu. Ilikuwa kipupwe, baridi ya kukunja watu. Simu ikaita, alikuwa Sista Agnes, muuguzi anayeshughulika na watoto njiti hospitalini.

"Mama Zuhura, si wewe unayepima nyumba kama zina joto?"

"Ndiye mimi. Wewe unataka daraja?"

"Nataka chumba," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani.

Alikuwa na mama wa Chilangala, Mama Hamisi, aliyejifungua binti kabla ya wakati. Mtoto alishavuka yale magumu. Ananyonya, hana mipira wala mashine. Kilichobaki ni kukua, na kwa kukua alihitaji vitu viwili: kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, na chumba kisichopoa alfajiri. Mama yule alikuwa amekaa wodini muda mrefu hata mwanawe mdogo kule nyumbani kaanza kumwita bibi yake mama. Kila saa ya kuona wagonjwa ikiisha alikuwa analia. Lakini Sista Agnes aliwahi kumruhusu mtoto mwingine kwenda kwenye nyumba ya baridi, akampoteza. Hakutaka kurudia. Nilipomfuata wodini alichukua kipimajoto changu, akachukua kalamu ya wino, akachora mstari kwenye ubao wake.

"Hapa. Asubuhi kijiti kikikutwa chini ya mstari huu, mtoto habanduki wodini. Juu ya mstari, namwachia."

Nyumba ya Baba Hamisi mnaifahamu, ile kubwa iliyoko ukingoni, inayotazama bonde. Ni mkulima hodari wa korosho, na alijenga akaonekana. Madirisha mapana kama ya ofisi ya serikali, yote yanatazama mandhari, na upepo ulikuwa unakuja pamoja na mandhari. Paa refu, bati tupu, dari hakuna. Uwazi juu ya ukuta ulitosha kupita paka, na tukiwa tunazungumza paka alipita. Sebuleni makochi mapya, bado yamevikwa nailoni ya dukani. Niliwasha udi chumbani kwao. Moshi ukaondoka bila kuaga. Nikaandika F. Ilistahili G, lakini niliyaheshimu makochi.

"F?" Baba Hamisi akasema. "Mama Zuhura, umeona vigae vya sebuleni?"

"Nimeviona, baba. Ni vizuri, na ni vya baridi."

Hapo ndipo nilipokutana na Bi. Esha, mama yake Mama Hamisi, aliyekuwa analea wajukuu. Baba Hamisi ni mtu wa heshima za kizamani: hasemi na mama mkwe wake uso kwa uso. Wakiwa mahali pamoja, maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu, na kwa siku zote zile mtu wa tatu nilikuwa mimi. Walikuwa wamekaa umbali wa kupeana chumvi.

"Mama Zuhura, mwambie mkwe wangu nitaingiza jiko la mkaa chumbani, joto litapatikana."

"Nwambie nkwe wangu nimesikia," akasema Bi. Esha. "Nwambie na wewe lako."

Nikasema langu, na nyie lisemeni kila nyumba mnayoingia, hata mkichukiwa. Jiko la mkaa halilali chumbani. Mkaa kwenye chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala nayo haamki kuja kulalamika. Kadiri tunavyoziba nyumba vizuri ndivyo jiko linavyozidi kuwa hatari. Chakula kiive nje, na matundu madogo ya hewa yabaki juu ukutani. Baba Hamisi alikubali, ingawa alilitazama jiko kama mtu anayeagana na rafiki.

Usiku wa kwanza kijiti kilishuka mbali chini ya wino. Tukaanza kazi. Baba Hamisi si mvivu, lazima niseme. Aliziba uwazi wa juu kwa vipande vya tofali na udongo, akaacha matundu niliyomwonyesha. Madirisha akayapigia mbao na magunia kwa ndani. Majirani wakaja, wakashona magunia ya korosho, wakayajaza nyasi kavu, tukayatundika kwa waya chini ya bati yakawa dari. Jioni ya pili niliwasha udi, moshi ukasimama kivivu katikati ya chumba, haujui pa kwenda. Baba Hamisi akapiga mluzi mwenyewe. Nikatundika kipimajoto juu ya kitanda, nikamwambia tutaonana asubuhi.

Asubuhi alinipokea njiani kabla sijazima pikipiki, kipimajoto mkononi, meno yote nje. "Soma, Mama Zuhura!" Nikasoma. Kijiti kilikuwa juu ya wino, tena juu vizuri. Nilifurahi mpaka nikampiga begani. Nikatoa simu, nikampigia Sista Agnes, akawa ameshasema haloo, wakati Bi. Esha, aliyekuwa anapepeta kunde barazani, alipofungua mdomo bila kuinua macho.

"Nwambie nkwe wangu akwambie hicho kidude kimelala wapi."

Nikageuka. "Baba Hamisi, kipimajoto kimelala wapi?"

Akakuna kisogo. "Stoo."

"Stoo ipi?"

"Ya korosho. Mama Zuhura, ile ni mali ya serikali. Madirisha yenyewe nimeyaziba kwa magunia. Mwizi akikata kwa wembe, nitakulipa nini? Kitu cha thamani hapa kwangu kinalala stoo. Ulivyoondoka tu nikakifungia."

Nikamwambia Sista Agnes nitampigia baadaye. Nilikasirika, sitaficha. Siku mbili za kazi, na kipimo kimesoma magunia! Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumpa maneno yake, ndipo swali lilipokuja lenyewe: hiyo stoo ina nini hata isipoe?

Akanifungulia. Vijana, ilikuwa katikati ya nyumba, imezungukwa na vyumba pande zote, haina ukuta hata mmoja unaoguswa na upepo. Dirisha hakuna, kwa sababu ya wezi. Juu ilikuwa na dari la mbao zilizobanana, maana wezi wa korosho hufumua bati wakashukia humo. Mlango mzito wa mninga, chini umepigiliwa mpira kuzuia panya. Sakafuni vichanja vya mbao, magunia yasiguse saruji yakapata unyevu. Kuta zimepigwa lipu ndani, na juu kabisa vitundu viwili vya hewa vyenye wavu, korosho zisivunde. Niliwasha udi. Moshi ulipanda taratibu, ukapata kitundu, ukatoka kwa adabu. Mimi na Fundi Mchopa tulikuwa tumehangaika na ile kadi, na chumba cha daraja A kilikuwepo muda wote, kimejengwa na mkulima bila kuulizwa na mradi wowote. Kimejengwa kwa ajili ya korosho.

Tangu siku ile kila nilipoingia kwa mtu nilianza kwa kuuliza kitu cha thamani kinalala wapi. Nawaachia swali hilo. Wakati mwingine ni stoo, wakati mwingine ni chumba cha cherehani. Ukishakiona, umejua mwenye nyumba anaweza kujenga. Kilichobaki ni kumshawishi ajijengee na yeye.

Kumshawishi sasa. Usiku uliofuata tulikiacha kipimajoto chumbani kweli, Bi. Esha akikilinda, na kijiti kikashuka chini ya wino. Si sana, lakini wino ni wino. Nikamwambia Baba Hamisi hakuna njia nyingine kipupwe hiki: mama na mtoto walale stoo.

Akasimama. "Hapana."

"Kwa nini?"

"Mama Zuhura, nyumba hii yote nimejenga, watu wakija kumwona mtoto niwaambie karibuni stoo? Mwanangu alale na salfa ya mikorosho na mashine ya kupulizia? Watanicheka mpaka Masasi. Watasema korosho zimemtia wazimu, kamfungia mwanawe kama gunia." Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwelewa, na nilimwonea huruma. Mtu hujenga sebule ili siku kama hizo asiaibike. "Mwambie mkwe wangu nitaweka dari jingine, nitanunua mablanketi, nitafanya lolote. Stoo, hapana."

Bi. Esha aliweka ungo chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akageuka, akamtazama mkwewe usoni. Sikuwahi kuwaona wakitazamana, na nadhani wao pia.

"Baba Hamisi," akasema, moja kwa moja, bila kupitia kwangu. "Korosho umezijengea chumba kisicho na upepo. Huyu ntoto umenjengea nini?"

Baba Hamisi aliinamisha kichwa kwa heshima ya mkwe, au kwa kitu kingine, akatoka. Nilidhani tumemkosa. Nikawa natafuta maneno ya kumwambia Sista Agnes, na sikuyapata. Halafu tukasikia kitu kizito kinaburutwa. Alikuwa anatoa mifuko ya salfa.

Salfa yote na magunia vilikwenda kwa kaka yake ng'ambo ya barabara. Mashine ya kupulizia ilikosa pa kukaa, ikaketishwa kwenye kochi, juu ya nailoni ileile, ikitazama mlango kama mgeni rasmi. Stoo ilifagiliwa, ikaoshwa kwa sabuni, ikapigwa chokaa, ikaachwa mlango wazi mchana kutwa. Sista Agnes alikuja mwenyewe, akaingia, akanusa pembe zote nne. "Naisikia salfa kwa mbali." Ikaoshwa tena. Akaja tena, akanusa tena, akakaa kwenye kitanda kilichopangwa juu ya vile vichanja, akatikisa kichwa kukubali. Jioni hiyo Bi. Esha alilala humo kwa majaribio, na asubuhi kijiti kilikuwa kimegusa wino. Kimegusa tu, hakikupanda juu yake, maana kuoshwa na kuachwa wazi bila magunia kuliipoza stoo.

"Mtu mmoja alikuwa humo," nikasema. "Wakiwa watatu, yeye na mama na mtoto, wanapumua, joto litaongezeka. Mwili nao ni jiko."

Sista Agnes akaugusa mstari wake wa wino kwa ukucha. "Namwachia kwa usiku mmoja. Asubuhi nataka kusikia kijiti kilipo. Kikiwa chini, gari linawafuata."

Wakaja. Mama Hamisi alishuka kwenye gari kajifunga kanga tatu, mtoto haonekani hata pua. Mwanawe mdogo alijificha nyuma ya Bi. Esha na kumchungulia. Majirani walikuwepo, na ni kweli kuna aliyeuliza mbona mashine imekaa kwenye kochi. Baba Hamisi akamjibu kwamba mashine haina baridi. Nikatundika kipimajoto ndani, nikaondoka. Sikula vizuri siku ile. Huwezi kufanya kazi hii bila kujua kwamba ukikosea herufi ya kadi mtu anakuchukia, lakini nilikuwa sijawahi kuona ukikosea mtu anapotea.

Asubuhi nilikuwa ofisini kabla ya mfagiaji. Pikipiki ikaingia uani kwa kasi. Baba Hamisi, koti limefungwa hadi shingoni. Hakunisalimia. Akafungua vifungo, akatoa kipimajoto kwapani.

"Soma!"

Nikakitazama. Vijiti vyote viwili vilikuwa vimechezeshwa na mashimo yote ya barabara ya Chilangala, kimoja kiko juu kabisa, kingine kimelala popote kilipopenda. Joto lililosomeka lilikuwa la kwapa la Baba Hamisi.

"Baba Hamisi, kilikuwa wapi kabla hujakitoa ukutani?"

"Sikutazama," akasema. "Niliogopa. Nikasema asome mwenye kazi yake."

"Na mtoto?"

"Mama yake kasema uitwe wewe." Akawa ameshaigeuza pikipiki. "Hakusema zaidi."

Nilipanda nyuma ya ile pikipiki bila hata kufunga ofisi. Ukungu ulikuwa mzito, na kila kona niliona gari la hospitali ambalo halikuwepo.

Bi. Esha alikuwa mlangoni pa stoo na birika la maji. Alininawisha mikono, akaipangusa, akanisukuma ndani na kufunga. Miwani yangu ikaingia ukungu palepale, nikawa sioni kitu.

"Shikamoo, Mama Zuhura," sauti ya Mama Hamisi ikasema.

"Marahaba, mwanangu. Kipimajoto kimevurugika njiani. Sijui usiku kilisoma nini."

"Mimi nilimtuma akuite wewe, akabeba kidude," akasema, na nikasikia anacheka. "Lete mkono."

Nikaunyoosha mkono gizani. Akaufuata kwa wake, akainua pembe ya kanga kifuani mwake, akaniwekea kitu kiganjani, kidogo kuliko dole gumba langu. Ulikuwa mguu, na ulikuwa wa moto.

"Ndivyo ulivyolala mpaka asubuhi," akasema Mama Hamisi.

Machozi yalinitoka, wala sikuyafuta. Niliendelea kuushika ule mguu, mpaka Bi. Esha akafungua mlango kidogo na kuuliza kama nina mpango wa kuondoka nao.